Maneno Yaliyofutwa: Jinsi Backpage Ilivyoangushwa

Septemba 2010, baada ya wanasheria wakuu wa majimbo 17 ya Marekani kuuandikia barua mtandao wa matangazo wa Craigslist, mtandao huo uliifunga sehemu yake ya huduma za watu wazima. Wanaharakati waliopinga matangazo hayo hawakupata nafasi ya kupumua. Biashara ya ngono ilihamia Backpage, mtandao wa matangazo madogo madogo ulioanzishwa mwaka 2004 na wenye magazeti wawili, Michael Lacey na James Larkin. Humo, pamoja na magari yaliyotumika na vyumba vya kupangisha, watoto wa umri wa kwenda shule walinadiwa kwa picha na namba ya simu.

Wengi walioishtaki Backpage walikwama kwenye Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, kinachosema mwenye mtandao hahesabiwi kuwa msemaji wa yale yaliyoandikwa na wengine. Wasichana watatu waliotangazwa humo wakiwa na miaka 15 walishindwa hata katika mahakama ya rufaa ya Boston, Machi 2016. Mwaka mmoja kabla, Tom Dart, mkuu wa polisi wa Cook County, Illinois, alijaribu kuibana Backpage kwenye fedha: aliziandikia Visa na MasterCard, nazo zikaacha kupokea malipo ya Backpage. Mahakama ilimzuia kuendelea na shinikizo hilo, ila kampuni za kadi hazikurudi.

Kilichoigeuza picha ya Backpage machoni pa umma kilitoka ndani ya kampuni yenyewe. Januari 2017 kamati ndogo ya Seneti, iliyoongozwa na Rob Portman na Claire McCaskill, ilitoa ripoti iliyojengwa juu ya nyaraka za Backpage. Programu ya kampuni hiyo ilikuwa ikifuta maneno yanayoashiria utoto, kama “msichana mdogo” na “mwanafunzi”, kisha tangazo lilelile likachapishwa. Mtu hafuti neno hilo bila kujua linamhusu nani. Kwangu mimi, hapo ndipo hoja ya “sisi ni ubao wa matangazo tu” ilipokufa.

FBI waliukamata mtandao huo tarehe 6 Aprili 2018, na mkurugenzi wake, Carl Ferrer, alikiri kosa. Siku tano baada ya mtandao kukamatwa, Rais Trump alitia saini sheria mpya iliyopunguza kinga ya Kifungu cha 230, baada ya Seneti kuipitisha kwa kura 97 dhidi ya 2. Angalia mpangilio huo: Backpage ilianguka kabla sheria haijatiwa saini.

Watu wazima wanaouza ngono walikuwa wameonya kwamba kwa sheria hiyo watapoteza njia ya kuwachunguza wateja kabla ya kukutana nao, na wanastahili kusikilizwa. Wala sheria yenyewe haikutumiwa sana: mwaka 2021 wakaguzi wa Bunge la Marekani walikuta waendesha mashtaka wametumia kosa jipya la jinai lililowekwa na sheria hiyo mara moja tu, huku mitandao mingi ya aina ya Backpage ikiwa imehamia nchi za nje, ambako polisi hupata ushahidi kwa shida zaidi.