Visima vya Mafuta Vilivyokwisha Nguvu

Wengi hudhani ya kuwa mafuta ya ardhini hukaa kama maji ya ziwa ndani ya pango. Sivyo. Hukaa katika vitundu vidogo vya mwamba, mfano wa maji katika sifongo, nayo yamebanwa pamoja na gesi na maji kwa nguvu nyingi. Nguvu hiyo ndiyo iyapandishayo.

Tarehe 10 Januari 1901, huko Spindletop karibu na mji wa Beaumont, katika jimbo la Texas, Marekani, kisima cha Anthony Lucas kilifoka. Wachimbaji wake, ndugu wa jamaa ya Hamill, walikuwa wametaabishwa sana na mchanga mlegevu uliokuwa ukiporomoka shimoni, hata walipoacha maji matupu wakatumia maji ya tope. Tope likaukandika ukuta wa shimo kama tukandikavyo nyumba zetu. Husemwa ya kuwa waliswaga ng'ombe kidimbwini ili wayavuruge maji. Sisi hatukuwapo, lakini kisa hiki chatupendeza.

Kwa siku tisa mafuta yaliruka angani, yapata mapipa 100,000 kila siku. Basi watu wakamiminika, visima vikasongamana, na gesi ikaachwa ipotee bure. Mwaka 1902 kilima kile kilitoa mapipa zaidi ya milioni 17. Hata ulipofika mwaka 1904, visima vyote pamoja vilitoa yapata mapipa 10,000 tu kwa siku. Twaona pupa ndiyo iliyowaponza.

Mwaka 1925 wachimbaji walirudi wakachimba pembeni mwa kilima, chini zaidi, wakapata mafuta mengi mapya. Ndiyo sababu uwanja wa zamani hauachwi upesi. Lakini ikiwa kekee yapaswa kupita katika mwamba uliokwisha kunyonywa, tope lile lililokuwa rafiki hugeuka adui. Tope lina uzito. Katika mwamba mpya, nguvu iliyomo hulikinza. Katika mwamba uliochoka hakuna wa kulikinza, nalo hutokomea ndani ya vitundu na nyufa. Bomba nalo hubanwa ukutani, likagandama lisizunguke wala lisipande.

Mtu atasema, na lipunguzwe uzito. Naam, lakini tabaka ya juu yake huenda ingali na nguvu zake zote, na tope jepesi haliwezi kuizuia gesi yake. Shimo ni moja, tope ni moja, na tabaka mbili hazipatani.

Kwa hiyo mafundi huteremsha bomba la chuma mpaka ukingoni mwa mwamba uliochoka, wakalishika kwa saruji ili kuifungia nje tabaka yenye nguvu. Ndipo hutia tope jepesi, au hata povu, wakaendelea. Wengine huchanganya maganda ya kokwa yaliyosagwa ili yazibe nyufa. Kazi ngumu ni kuutambua ukingo huo kabla ya kuufikia. Maana kekee ikiupita kabla ya bomba kushikwa, tope laweza kutoweka lote, na gesi ya juu ikaingia shimoni.