Kutoka gobore hadi bunduki ya viasi: silaha za zamani katika pwani ya Tanganyika

Neno gobore halihitaji kufasiriwa Rumonge wala Buyenzi. Kwa Kiswahili ni bunduki ya kushindilia, yaani ile inayopakiwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Kirundi kimelipokea neno hilo na kusema mugobore, jina ambalo siku hizi hupewa pia bunduki zinazoundwa kienyeji. Ndani ya neno hilo mna historia ya karne nzima: misafara iliyotoka Bagamoyo na Tabora, viwanda vya Ulaya vilivyotafuta pa kutupa silaha zilizopitwa na wakati, na watu wa kando ya ziwa waliojikuta katikati ya mambo hayo mawili.

Makala haya yanaeleza jinsi silaha za fataki zilivyogeuzwa kuwa silaha za viasi, jinsi zilivyofika pwani ya Tanganyika, na kwa nini chuma kikuukuu bado ni hatari kwa mwenye nyumba, mbele ya moto na mbele ya sheria.

Gumegume, fataki na kiasi

Bunduki za baruti nyeusi zimepitia ngazi tatu. Ya kwanza ni gumegume: jiwe hupiga chuma, cheche huangukia baruti, na bunduki hulia. Mvua ikinyesha au jiwe likichakaa, hailii. Ya pili ni fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka inapogongwa. Kikofia hicho huvikwa juu ya kijibomba kilicho nyuma ya mtutu, na nyundo ya bunduki hukigonga. Fataki zilianza kuenea katika miaka ya 1820, na kufikia miaka ya 1840 majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa yamezikubali.

Katika ngazi hizo mbili, mpigaji hupakia kwa mbele: hutia baruti, hutia risasi, kisha hushindilia kwa mdeki. Ngazi ya tatu ilibadili kila kitu. Baruti, risasi na fataki viliunganishwa ndani ya ganda moja, na bunduki ikafunguliwa kwa nyuma ili ganda hilo liingie. Waswahili wa karne ya 19 waliliita ganda hilo kiasi, neno lile lile lenye maana ya kipimo, na silaha yenyewe wakaiita bunduki ya viasi. Askari aliyefunzwa vizuri alipiga mara tatu hivi kwa dakika kwa bunduki ya kushindilia. Kwa ya viasi aliweza kupiga mara kumi, tena akiwa amelala chini.

Bunduki zilizogeuzwa

Serikali za Ulaya zilikuwa na mamia ya maelfu ya bunduki za fataki katika ghala zao, na hazikutaka kuzitupa. Njia rahisi ilikuwa kuzigeuza. Uingereza mwaka 1866 ilichagua mtambo wa Jacob Snider, Mmarekani. Sehemu ya nyuma ya mtutu wa bunduki ya Enfield ilikatwa, pakawekwa kizibo chenye bawaba kinachofunguka ubavuni. Mtutu, kitako na nyundo vilibaki vile vile. Ubelgiji mwaka 1867 ilipokea mtambo wa Albini-Braendlin, uliotumika pia kugeuza bunduki zake za zamani. Bunduki za Albini ndizo zilizobebwa baadaye na askari wa Force Publique ya Kongo katika miaka yake ya mwanzo, ng'ambo ya ziwa letu.

Kila jeshi lilipopata silaha mpya, za zamani ziliuzwa kwa bei ya chini, na Zanzibar ikawa mlango mmojawapo mkubwa wa kuzipokea. Balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Njia ya Ujiji

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika Ujiji kabla ya Burton na Speke kuingia mji huo Februari 1858. Kutoka Ujiji, mitumbwi ilipanda kaskazini hadi Uvira na Uzige, ikipita ufukwe ambao leo una Nyanza-Lac na Rumonge. Bunduki ilisafiri katika njia hiyo pamoja na nguo, shanga na waya wa shaba. Pembe za ndovu na watumwa walisafirishwa kwenda upande wa pili.

Msafara wa Stanley ulioondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone unaonyesha mchanganyiko wa silaha wa wakati ule. Katika orodha aliyoichapisha mwenyewe mna bunduki 24 za gumegume kwa ajili ya askari wake, na kando yake bunduki chache za viasi na bastola mbili za kupakiwa kwa nyuma. Viongozi walishika silaha mpya, na watembea kwa miguu wakashika za babu zao. Novemba ya mwaka huo Stanley na Livingstone walipanda pamoja kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakathibitisha kwamba Rusizi huingia ziwani na haitoki. Jiwe la Mugere linaukumbusha msafara huo.

Bunduki haikumhakikishia mtu ushindi. Tarehe 4 Mei 1881, mapadre wawili wa shirika la Wamisionari wa Afrika, Deniaud na Augier, waliuawa Rumonge pamoja na msaidizi wao mlei D'Hoop, ingawa shirika lilikuwa limewaleta wasaidizi waliowahi kuwa askari ili kuilinda misheni. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, aliutawala ufukwe kwa nguvu ya bunduki zake akiwa Ujiji, lakini hakuweza kupanda milimani na kuishika nchi ya Mwami Mwezi Gisabo. Wapiganaji wa mikuki na mishale, wanaozijua njia za milima, walitosha kumzuia. Mwanzoni mwa 1894 nguvu zake zilivunjwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yenye viasi vingi zaidi.

Ni vyema kusema jambo moja bila kuzunguka. Biashara ya watumwa ilifanyika kando ya ziwa hili, na bunduki ilikuwa chombo chake. Lakini historia ya Waswahili wa Rumonge haiishii hapo. Jumuiya hii ilijengwa pia na wavuvi, wachuuzi, mafundi, walimu wa madrasa na wakulima wa michikichi, wengi wao wenyeji wa nchi kavu hii hii waliopokea lugha na dini. Anayemwona Mswahili na kufikiri bunduki tu, ameusoma ukurasa mmoja na kukifunga kitabu.

Mstari uliochorwa Brussels

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Jumla wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia silaha za moto kuingizwa katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Ukanda wetu wote umo ndani yake. Hata hivyo, uliacha mlango mdogo: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti.

Sababu ya tofauti hiyo ni ya kiufundi na ya kisiasa kwa pamoja. Gobore linaweza kulishwa baruti ya kienyeji na vipande vya chuma chochote. Bunduki ya viasi hutegemea kiwanda. Ganda likikosekana, inageuka rungu. Aliyeshika njia ya viasi ndiye aliyeshika madaraka, na wakoloni walitaka njia hiyo iwe yao peke yao. Hivyo ndivyo gobore lilivyobaki vijijini kwa miongo mingi, huku Snider zikifa njaa kwa kukosa viasi. Wajerumani nao hawakuwa wepesi kugawa silaha mpya: vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani bado walikuwa na bunduki ya mwaka 1871 ya baruti nyeusi, ambayo moshi wake mweupe uliwaonyesha maadui mahali walipo.

Bastola zilizogeuzwa na nakala zake za leo

Bastola ilipita njia ile ile. Bastola za fataki za Colt, kama zile za mwaka 1851 na 1860, zilikuwa na silinda yenye vyumba sita. Kila chumba kilipakiwa baruti na risasi kwa mbele na kuvikwa fataki kwa nyuma. Kasoro yake iliyoogopwa ni moto kuruka kutoka chumba kimoja hadi vya jirani, na vyote kulipuka kwa pamoja. Ndiyo maana wapigaji walipaka mafuta mazito mdomoni mwa kila chumba.

Silinda iliyotobolewa moja kwa moja ili kupokea viasi ilikuwa chini ya hataza ya Rollin White ya mwaka 1855, iliyotumiwa na Smith & Wesson. Remington ilianza kugeuza bastola zake mwaka 1868 kwa kulipa ada, na hataza ilipokwisha mwaka 1869 Colt nayo ikageuza zake, kwa mtambo uliosajiliwa mwaka 1871. Miaka michache baadaye bastola zilizoundwa kwa viasi tangu mwanzo zikachukua nafasi.

Leo viwanda vya Italia, hasa katika bonde la Val Trompia, hutengeneza nakala za bastola hizo kwa ajili ya wapenzi wa historia na mashindano ya shabaha. Baadhi ya wenye nakala hubadilisha silinda ya fataki na kuweka ya viasi. Jamaa zetu walioko Ulaya na Marekani huziona madukani, na ni vizuri wajue kwamba sura ya kale haibadili hukumu ya sheria. Nchini Uingereza, marufuku ya bastola ya mwaka 1997 iliziacha zile za kupakiwa kwa mbele ziendelee kumilikiwa kwa kibali. Kuitia silinda ya viasi huifanya silaha iliyopigwa marufuku. Marekani, nakala ya fataki haihesabiwi bunduki katika sheria ya shirikisho, lakini ikishawekwa silinda ya viasi huhesabiwa, na majimbo yana sheria zao zaidi ya hapo.

Adui ni masizi

Wanaotumia silaha hizi kihalali hufuata kanuni chache zisizobadilika. Bastola yenye fremu ya shaba ya manjano haigeuzwi kuwa ya viasi, kwa sababu shaba hulegea. Ni fremu ya chuma cha pua tu inayotumika. Viasi vyake huwa vya baruti nyeusi au vyenye nguvu ndogo, na risasi zake huwa za madini laini. Viasi vya kisasa vyenye nguvu kubwa vinaweza kuipasua silinda mkononi mwa mpigaji. Katika bastola za aina hii chumba kilicho chini ya nyundo huachwa kitupu, kwa kuwa pigo dogo nyuma ya nyundo linaweza kuiliza.

Baruti nyeusi huacha masizi mengi, na masizi hayo huvuta unyevu wa hewa. Silaha isiyosafishwa siku hiyo hiyo huanza kula kutu usiku. Dawa yake ni maji ya moto: silaha hufunguliwa, mtutu na vyumba vyote huoshwa, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa mafuta. Mafuta ya mimea au ya wanyama hupendelewa, kwani mafuta ya mashine yakichanganyika na masizi hugeuka kama lami na kuzuia silinda kuzunguka. Ganda la kiasi lililotumika nalo huoshwa, la sivyo huoza.

Chuma kilichosahauliwa darini

Kanuni hizo zinaeleza kwa nini bunduki kuukuu iliyokaa miaka darini au chini ya sakafu haipaswi kuguswa ovyo. Kutu imekwisha kuudhoofisha mtutu kwa ndani, mahali jicho lisipofika. Gobore linaweza kuwa limeshindiliwa tangu siku za babu, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki upesi. Usilijaribu, usivute nyundo, usilichome moto ili kulisafisha, wala usimpe fundi akuundie kitu kingine. Watoto wasilichezee.

Kisheria, uzee wa silaha si kinga. Burundi ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, na sheria ya nchi ya Agosti 2009 inamtaka raia awe na idhini kabla ya kumiliki silaha. Baada ya vita vilivyoanza mwaka 1993, mugobore haukubaki kitu cha ukumbusho. Ulitumika katika ujambazi na katika kulipiza visasi, na anayekutwa nao hataaminiwa kwa urahisi kwamba ni urithi tu.

Aliyeukuta anashauriwa auache mahali ulipo, awaondoe watu karibu, kisha amjulishe mkuu wa mtaa au kituo cha polisi akiwa na shahidi. Asiubebe mwenyewe barabarani. Kama familia inaona kitu hicho kina thamani ya kihistoria, iseme hivyo waziwazi wakati wa kukitoa na kuomba maandishi. Kumbukumbu ya babu hubaki kwa jina lake, kwa picha na kwa simulizi. Haihitaji mtutu uliojaa baruti ili idumu.