Kiti cha Nyuma: Okestra za Taarabu na Malezi ya Wapigaji Unguja

Anayetafuta darasa la watoto katika historia ya okestra za Unguja atatoka mikono mitupu akitegemea ratiba na daftari la mahudhurio. Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa 1905 na kujipa jina la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, ilikuwa baraza la vijana wa kiume wenye nafasi zao. Culture Musical Club, iliyozaliwa 1958 katika joto la siasa za kabla ya uhuru, nayo haikuundwa kwa ajili ya watoto. Hata hivyo klabu hizi ziliendelea kupata wapigaji wapya, kizazi baada ya kizazi, kisiwani pasipokuwa na chuo cha muziki. Hoja yangu ni kwamba okestra yenyewe ndiyo iliyokuwa skuli, na kilichosomesha zaidi ni wingi wa viti vyake.

Tuitazame safu ya fidla. Filamu na santuri za Misri zilipoenea, pamoja na sauti za Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab, taarabu ya klabu ilikua kutoka wapigaji wachache wa udi, ganuni na rika hadi kundi la watu ishirini na zaidi, lenye fidla kadhaa, selo, besi, kodiani na nai. Fidla hizo hazigawani sauti kama zile za okestra ya Ulaya. Zote hufuata wimbo mmoja, na kila mpigaji huupamba kidogo kwa namna yake. Hapo ndipo mwanagenzi anapopata pa kukaa. Akikosea kule nyuma, kosa lake humezwa na wenzake. Shingo ya fidla haina alama ya kumwonyesha kidole kitue wapi, na ile robo ya sauti inayosaidia kuitenga makamu ya bayati na ile ya nahawandi haipatikani ila kwa sikio: kidole husogea upana wa punje ya mchele, kikarudi, kikasogea tena, hadi kilingane na cha mzee aliyeketi mbele. Bashrafu nayo, ile tungo isiyo na maneno inayofungua shughuli, ina kipande kinachorudi baada ya kila sehemu, kwa hiyo aliyekikosa mara ya kwanza hupewa nafasi ya pili, ya tatu na ya nne kabla wimbo haujaisha. Sidhani aliyebuni muundo huo alikuwa na mwanafunzi akilini, lakini mwalimu gani angebuni bora zaidi?

Kabla ya kiti hicho kulikuwa na ngazi za chini. Madrasani mtoto alizoea dufu na kasida. Mtaani kulikuwa na kidumbaki, ambacho wengine walikiita kitaarabu, yaani taarabu ndogo: fidla moja, vingoma viwili, cherewa, na besi ya sanduku la chai lililopinduliwa, likachomekwa fimbo na kufungwa uzi mmoja. Kilipigwa harusini kwa wasiomudu okestra kamili, na humo ndimo vijana walimojifunza kwanza kuitumikia shughuli ya watu, kisha wenye mkono mzuri wakapanda klabuni. Huko Ulaya ilibidi mtoto apelekwe kwenye okestra: Robert Mayer alianzisha matamasha ya watoto London mwaka 1923, na Prokofiev aliandika Peter and the Wolf mwaka 1936 kwa ajili ya ukumbi wa michezo wa watoto Moscow, kila mnyama na ala yake. Unguja muziki ulimfuata mtoto nyumbani kwao, siku shangazi yake anaolewa. Mwimbaji Bi Kidude mwenyewe alieleza kwamba alijifunza kwa kumsikiliza mtangulizi wake, Siti binti Saad, na hakuna aliyemwandikisha.

Msomaji makini atauliza: mtoto yupi huyo? Swali lina uzito. Msichana aliweza kuimba, na vikundi vya wanawake kama Nuru l-Uyuni na Sahib l-Ari vilikuwa na nguvu zao, lakini ala za okestra zilikaa mikononi mwa wanaume, na mazoezi ya usiku hayakuwa mahali pa binti wa watu. Skuli ya viti vingi, basi, iliacha nusu ya watoto dirishani. Naikubali dosari hiyo bila kuipunguza, na ndiyo maana siwaungi mkono wanaodai kwamba klabu zilitosha.

Pia hazikudumu zilivyokuwa. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa, East African Melody wakiwa mbele, ilileta kinanda cha umeme kinachofanya kazi ya safu nzima ya fidla. Wengi walilaumu mashairi yake ya vijembe, yaani rusha roho; mimi naona hasara kubwa zaidi ilikuwa ya hesabu. Mtu mmoja akiziba nafasi ya kumi, kiti cha mwanagenzi ndicho cha kwanza kuondolewa.

Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilipofungua milango 2002 na kufundisha katika jengo la Forodha ya zamani, kilikuja kuziba pengo hilo, na kikamfungulia msichana udi, fidla na ganuni. Waliokishuku walisema nota na vyeti ni mambo ya kigeni. Lakini ganuni ilifika kwa meli, kama fidla na kodiani, na simulizi mashuhuri ya mwanzo wa taarabu inamtaja Sultani Barghash akimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akasomee muziki. Isitoshe, walimu wa chuo walitoka klabuni: Rajab Suleiman aliyefundisha ganuni ni mpigaji wa Culture.

Shaka yangu iko kwingine. Klabu iliishi kwa michango ya wanachama na tunzo za mashabiki. Chuo kiliegemea wafadhili, na mwaka 2019 kilitangaza kwamba huenda kikafungwa, wanafunzi wengi wakiwa hawamudu ada. Tena waliohitimu huelekea kuunda vikundi vidogo. Siti and the Band, ambao Amina Omar anawapigia udi na kuwaimbia, ni matunda mazuri ya chuo, lakini ni watu wachache, na kila mmoja lazima asikike. Mtoto wa miaka 12 anayekisaka bado kituo cha bayati hana mgongo wa mzee wa kujificha nyuma yake.