Mchanga wa Tiva na Pikipiki za Kwenye Kioo

Mwanabodaboda anayevuka mto Tiva wakati wa kiangazi, kule Kitui nchini Kenya, anajua kwamba mchanga haumsamehe anayeachia mafuta katikati. Gurudumu la mbele likianza kuzama, anarudisha uzito wa mwili nyuma na kuendelea kuvuta. Waliotengeneza michezo ya video ya motokrosi walihitaji miaka 25 kuifikia elimu hiyo.

Naanza kuhesabu mwaka 1984, Nintendo ilipotoa Excitebike nchini Japani. Mbunifu wake alikuwa Shigeru Miyamoto. Pikipiki inatazamwa kutoka ubavuni, inakimbia kuelekea kulia, inaruka vilima na kuzuiwa na tope. Kilichoupa mchezo huo uhai ni joto. Kuna kitufe cha mwendo wa kawaida na kingine cha kasi ya ziada. Ukikikazania hicho cha pili, injini inachemka na unasimama kando hadi ipoe, wenzako wakikupita. Aliyepanda milima ya Mbooni, Makueni, na abiria wawili nyuma, haelezwi maana ya kanuni hiyo. Kutua nako kulidai akili: pua ya pikipiki isipolingana na mteremko, unapoteza kasi au unaanguka.

Udhaifu wake ulikuwa upweke. Watu wawili hawakuweza kushindana uwanjani, na wapinzani waliokuwamo walikuwa vizuizi tu. Mchezaji aliruhusiwa kujichorea njia yake mwenyewe, jambo zuri mno, lakini kifaa cha kuihifadhi kiliuzwa Japani pekee. Kwingineko, ukizima mashine, kazi yako imepotea. Hata hivyo Excitebike ulisambaa, hata kupitia mashine za kuiga zenye kaseti moja iliyojaa michezo kadhaa.

Mwaka 1998 Rainbow Studios ya Marekani ilitengeneza Motocross Madness kwa ajili ya kompyuta za Windows. Sasa uwanja ulikuwa wazi, unaelekea utakako. Ukikwea genge la mpakani na kutaka kuendelea mbele, nguvu isiyoonekana inakurusha angani na kukurudisha ulikotoka. Wachezaji wengi waliipenda adhabu hiyo. Lakini ardhi ilikuwa picha tu. Ungeweza kupita mahali pamoja mara mia na usiichimbe hata kidogo.

Studio hiyohiyo ilirekebisha kasoro hiyo mwaka 2009 katika MX vs. ATV Reflex. Magurudumu yalichimba mifereji iliyobaki hapo, na katika mzunguko uliofuata ikakuvuta au kukuangusha. Kijiti kimoja cha kidhibiti kiligeuza usukani, kingine kikasogeza mwili wa mwendeshaji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo motokrosi ya kwenye kioo ilipokomaa.

Ukambani, zilipo Kitui na Makueni, nako pikipiki zilikuwa zinaongezeka. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikaingia vijijini zikibeba maembe ya Makueni, ndengu za Kitui, mitungi ya maji na wajawazito wanaowahi hospitali. Hapa ndipo michezo hii yote inaponipungukia. Pikipiki zake hazibebi kitu. Mzigo unaohama kwenye kona na kukuvuta upande mmoja haumo, wala bei ya mafuta. Na kuanguka hakugharimu chochote. Unabonyeza kitufe, unasimama mzima. Kijana anayejifunzia pikipiki kwenye kioo anafundishwa uongo juu ya jambo ambalo wodi za majeruhi zinalijua vizuri.

Wakenya wamewahi kuonyesha kwamba barabara zetu zinatosha kuwa mchezo: Ma3Racer, wa kampuni ya Planet Rackus, ulikimbiza matatu kwenye simu za mkononi. Bodaboda inastahili wake. Uwe na joto la Miyamoto, mifereji ya Reflex na gunia la ndengu kwenye keria, katika njia za mchanga za Kitui Kusini. Utakuwa mgumu kuliko yote niliyoitaja, na wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kwa Vonza, wana ardhi ya kuupimia nje ya lango lao.