Wakimbizi Watatu na Farasi Wanaokwenda Polepole

Wengi wetu hapa kambini farasi tumemwona kwenye picha tu. Sasa utauliza, ndugu msomaji, habari za kumfundisha farasi zinatuhusu nini sisi tunaosubiri siku ya mgao? Ngoja kidogo. Nilipofuatilia historia ya kazi hii nilikuta jambo ambalo sikulitegemea: baadhi ya watu wakubwa walioijenga waliijenga wakiwa mbali na kwao. Nitawataja watatu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Farasi ana miendo mitatu mikuu. Wa kwanza ni kutembea: kwato nne zinagusa chini moja moja, unasikia mapigo manne. Wa pili ni mchakamchaka: mguu wa mbele wa upande mmoja unakwenda pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, mapigo mawili. Wa tatu ni mbio. Mtu asiyejua hudhani farasi mzuri anafundishwa kwa kukimbizwa. Kumbe sivyo. Kwenye mbio kasoro zinajificha. Farasi anaegemea upande mmoja, anavuta hatamu, na kasi inambeba tu. Mrudishe kwenye kutembea, utaona kila kitu. Tena farasi kwa asili hubeba uzito wake mwingi mbele, na mtu akipanda unazidi. Ndiyo maana mwalimu anamzungusha kwenye duara, kushoto na kulia, anamsimamisha, anamwanzisha tena, mpaka miguu ya nyuma ijifunze kubeba sehemu yake.

Mkimbizi wa kwanza ni Xenophon, mtu wa Athens. Mwaka 401 KK alikwenda Uajemi pamoja na jeshi la Wagiriki wa kukodiwa. Makamanda wao walipouawa, yeye akawa mmoja wa waliowaongoza wenzake kurudi. Lakini mji wake ulimfukuza. Wasparta wakampa shamba Scillus, karibu na Olympia, na baadaye vita vikamtoa huko pia. Huyu ndiye aliyeandika kitabu cha kupanda farasi ambacho watu wanakisoma mpaka leo. Anashauri mazoezi ya kuzunguka pande zote mbili. Anataka farasi akifanya vizuri apumzishwe, na mtu asimwendee farasi akiwa na hasira. Kwake yeye, kinachofanywa kwa kulazimishwa, anayekifanya hakielewi.

Wa pili ni William Cavendish, bwana mkubwa wa Newcastle, Uingereza. Mwaka 1644 jeshi la mfalme lilishindwa Marston Moor, naye akapanda meli akaondoka. Kuanzia 1648 mpaka 1660 alikaa Antwerp, akipanga nyumba iliyokuwa ya mchoraji Rubens. Aliishi kwa madeni. Mwaka 1651 mke wake Margaret alirudi London kuomba sehemu ya mapato ya mali yao. Wakamkatalia. Safari ya namna hiyo tunaijua: unakwenda na karatasi, unarudi na karatasi.

Kwenye nyumba hiyo ya kupanga, Newcastle alifungua mahali pa kufundishia farasi. Mchakamchaka kwenye duara ulikuwa msingi wake. Mwaka 1658, akiwa bado ugenini, alichapisha kitabu kikubwa kwa Kifaransa. Kikasomwa. Mfaransa François Robichon de la Guérinière, katika kitabu chake cha 1733, alilichukua zoezi la duara akalipeleka kando ya ukuta: farasi anafuata ukuta huku mabega yameingizwa ndani kidogo, ili mguu wa nyuma wa upande wa ndani upite chini ya tumbo. Zoezi hilo linaanza kwa kutembea, na linafanyika mpaka leo.

Wa tatu ni Alois Podhajsky, mkuu wa shule ya farasi weupe ya Vienna, Austria, inayofuata mafundisho ya Guérinière. Farasi hao huzaliwa na rangi nyeusi au kahawia, weupe unakuja na miaka. Wanaanza masomo wakiwa na miaka 4 hivi, na kumaliza ni kama miaka 6. Si mchezo. Mwanzoni mwa 1945 mabomu yalikuwa yanaanguka Vienna, akawahamishia farasi kijiji cha St. Martin, magharibi mwa nchi. Tarehe 7 Mei 1945 aliwaonyesha mbele ya Jenerali Patton wa Marekani, akaomba ulinzi, akaupata. Hata hivyo shule ilirudi Vienna mwaka 1955 tu. Miaka 10 nje.

Hapa lazima tuseme ukweli. Podhajsky alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani ya Hitler, na siku farasi wake wanapewa ulinzi, mamilioni ya watu walikuwa barabarani bila kitu. Newcastle alikopeshwa kwa sababu ya jina lake. Xenophon alipewa shamba. Sisi nani atatukopesha kwa jina? Kwa hiyo simwambii mtu hapa kwamba subira huvuta heri. Tumeisikia sana hiyo.

Ninachosema ni kingine. Kusimama na kwenda polepole ni vitu viwili. Farasi aliyefungwa zizini miaka 6 hatoki amefundishwa, anatoka amekakamaa. Yule wa kwenye duara naye haendi mbali, jioni yuko pale pale, lakini kila siku kuna mtu amesimama naye, anaona mguu gani umechoka, na kesho anaanzia hapo.

Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, fikirini jambo hili mnapotuletea mafunzo ya siku tatu na cheti. Hizo ni mbio. Tunapiga picha, tunakunywa soda, na kasoro zetu zinabaki zimejificha. Mwalimu mmoja wa cherehani anayebaki na wanafunzi wale wale miaka miwili ana thamani kuliko warsha kumi.

Na sisi wenyewe tusingojee. Yupo mzee anayejua useremala, yupo mama anayejua kusoma vizuri. Newcastle alikaa Antwerp miaka 12 bila kujua itakuwa mingapi, na kitabu chake alikichapisha kabla hajajua kama atarudi.