Ugenini Uingereza: macho, saa na foleni

Huku Kasulu na Kibondo, na hata ndani ya kambi ya Nyarugusu, tunafundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Hiyo ni heshima. Nchini Uingereza, kwenye usaili wa kazi, asiyemtazama anayemhoji anaweza kudhaniwa anaficha jambo. Mtazame unapojibu, bila kumkodolea macho.

Angalia na saa. Barua ikisema 10:00, ni saa nne asubuhi. Ukifika saa kumi jioni, nafasi imepita. Wahi dakika kumi kabla.

Waingereza hawana shikamoo. Heshima yao imo katika tafadhali na asante, hata kwa muuza duka, na katika kusubiri zamu kwenye foleni.

Hatusemi tuache adabu zetu. Tukirudi kwa wazee, macho chini.