Kutoka Kisiwa Hadi Kisiwa: Safari za Msimu na Deni la Kumbukumbu Zake

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu, iwe Maskati, Dubai au London, bado husikika wazee wakisema kuwa fulani alikuja kwa kaskazi na fulani akarudi kwa kusi. Vijana hudhani hayo ni maelekezo ya dira tu. Kwa wazee, neno moja hilo lilikusanya mambo matatu: mwezi wa safari, njia iliyofuatwa, na muda ambao msafiri hakuwa na hiari ila kungoja. Katika makala hii tunakusudia kueleza namna vyombo vya tanga vilivyokuwa vikienda baina ya visiwa vyetu, kutoka Lamu hadi mdomo wa Rufiji, kisha tuulize ni nani alioandikwa katika safari hizo na nani aliyesahauliwa.

Tuanze na majina. Wazungu waliviita vyombo vyote hivi kwa neno moja, dhow, ambalo mabaharia wenyewe hawakulitumia. Kwetu dau ni chombo kidogo cha pwani. Nahodha alikitaja chombo kwa umbo lake: bumu, lililochongoka mbele na nyuma, sambuki, ghanja na baghala, zenye tezi pana iliyokatwa, bedeni ya Omani, jahazi la Lamu na Unguja, na mtepe wa Wabajuni na watu wa Pate, ulioshonwa kwa kamba za makumbi pasi na msumari, na tanga lake likiwa la mkeka. Hata majina ya watu wa chomboni yanaonyesha bahari hii ilivyochanganya watu. Nahodha ni neno la Kiajemi, lenye maana ya bwana wa chombo; sarahangi pia asili yake ni Kiajemi; rubani ni Kiarabu; na tanga lenyewe ni letu la Kibantu.

Upepo ndio uliokuwa serikali ya kwanza ya mwambao. Kaskazi huanza kuvuma baina ya Novemba na Disemba na huendelea hadi Machi, ukileta vyombo kutoka Ghuba, Omani, Hadhramaut na Bara Hindi. Kisha upepo hugeuka. Kusi huingia Aprili, na kufikia Juni na Julai huwa mkali kiasi kwamba bandari nyingi za kusini ya Uarabuni zilikuwa zikihesabiwa kuwa zimefungwa. Kwa hivyo aliyetaka kurudi kwao ilimbidi aondoke mwanzo wa kusi, kabla haijapata nguvu, au angoje mpaka ilegee.

Mahesabu haya hayakuweza kufanywa kwa miezi ya Hijria. Mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, na kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Baada ya miaka mitatu, mwezi uliokuwa wa kaskazi umeshasogea zaidi ya siku 30. Ndiyo sababu mabaharia Waislamu, pamoja na kuswali na kufunga kwa mwezi, walisafiri kwa jua. Walihesabu siku kuanzia Nairuzi, na watu wa mwambao waliugawa mwaka kwa miongo, kila mwongo siku kumi: miongo 36 na siku tano za ziada, jumla 365. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanywa Makunduchi kila Julai ni mabaki ya kalenda hiyo. Wengi leo huiona kuwa ngoma na moto tu, na wengine huitilia shaka kwa upande wa dini. Lakini kwa mwanahistoria ni ushahidi wa elimu ya safari.

Elimu hiyo ilikuwa na mabingwa wake. Ahmad bin Majid, mtu wa Julfar, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15, aliipanga dira kwa machweo na mawio ya nyota, na akapima urefu wa nyota kwa isbaa, yaani upana wa kidole. Maneno ya elimu ile yamebaki katika Kiswahili cha mabaharia: jaa ni kaskazini, kwa jina la nyota ya ncha, suheli ni kusini, kwa jina la nyota nyengine, na matlai ni upande wa mawio na upepo utokao huko. Lakini nyota ya jaa huzama kwa anayevuka ikweta. Anayefika Unguja, nyuzi sita kusini, haioni tena, na hulazimika kutumia nyota nyengine. Hapo ndipo mgeni alipoanza kumhitaji mwenyeji.

Mkondo nao una sheria yake. Kwenye mwambao wa Tanzania na Kenya ya kusini maji huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hupungua kasi, na wakati wa kusi huongezeka. Chombo kinachokwenda kusini basi hupigana na mkondo hata kikiwa na upepo mzuri, na kadiri kinavyoshuka ndivyo kaskazi inavyopungua nguvu. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa safari ya msimu mmoja. Aliyetaka dhahabu ya Sofala ilimpasa aikute Kilwa au angoje mwaka wa pili. Utajiri wa Kilwa ulitokana na mambo mengi, lakini hili la upepo lilikuwa miongoni mwa makubwa. Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, alilala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa, kisha upepo ulipogeuka akarudi Uarabuni na kushukia Dhofar. Hata msafiri mkubwa kama yeye alifuata ratiba ile ile.

Wala haikuwa safari ya starehe. Al-Masudi aliondoka Qanbalu kwenda Omani mwaka 304 wa Hijria, sawa na 916 Miladia. Wataalamu wengi wanaiweka Qanbalu katika kisiwa cha Pemba. Mtu huyu alikuwa amezijua bahari nyingi, na akaandika kuwa hakuona iliyo ya hatari kuliko bahari ya Zanji. Aliwataja kwa majina wenye vyombo aliosafiri nao, na akasema kuwa wao walizama baadaye pamoja na waliokuwa nao.

Ukifika baina ya visiwa, kazi hubadilika. Bumu lililotoka Ghuba lilikwenda usiku na mchana katika bahari kuu, lakini ndani ya visiwa hatari si mawimbi bali ni miamba na mafungu. Jahazi la mwambao hung'oa nanga alfajiri, likatoka kwa umande, yaani upepo mwepesi wa nchi kavu, kisha likapokea upepo wa bahari jua linapopanda. Kuingia Lamu ni lazima ujue njia ya maji baina ya Shela na Manda. Mkondo wa Pemba ni wa kina kikubwa, mamia ya mita; mkondo wa Unguja ni wa kina kidogo, mita 40 hivi, kwa kuwa zamani za kale kisiwa hicho kilishikana na bara. Kwa hivyo rubani wa Pemba hutazama zaidi milango ya miamba upande wa magharibi, karibu na Mesali, na rubani wa Unguja hushika bildi mkononi, akiipaka shahamu chini ili ipande na mchanga au tope ya kumwambia yuko wapi. Bamvua huko hupandisha maji karibu mita nne. Kwa maji hayo chombo hupandishwa ufukweni, maji yakapwa, kikakalafatiwa na kupakwa, na maji yakirudi kikaelea. Mnara wa taa wa Chumbe ulijengwa mwaka 1904. Kabla yake, na kwa wengi hata baada yake, taa ilikuwa ni kichwa cha rubani.

Safari ya msimu iliyoandikwa kwa urefu kuliko zote ni ile ya Alan Villiers, baharia wa Australia, aliyepanda Aden mwishoni mwa 1938 katika bumu la Kuwait lililoitwa Bayan. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasir al-Najdi. Walichukua abiria zaidi ya mia kutoka Hadhramaut, wakashuka na pwani ya Somalia, wakapita Lamu na Mombasa hadi Unguja, kisha wakaingia mto Rufiji, mkabala wa Mafia, kupakia boriti. Walirudi Kuwait katikati ya 1939. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940, na picha zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, London. Al-Najdi mwenyewe alipotea baharini mwaka 1979, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Boriti za Rufiji na Lamu zinafaa kuangaliwa, kwa sababu zinathibitisha kwa kipimo yale ambayo vitabu husema kwa maneno. Boriti ya mkoko hukatwa kwa urefu wa kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu za kutumika, na ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Pima chumba cha nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, kisha pima cha Sur au cha Kuwait ya kale: vinakaribiana, kwa kuwa dari zake zimetoka katika misitu ile ile. Jamaa waliolala chini ya dari hizo pande mbili za bahari hawakuwa wageni kwa wenzao kama ramani za leo zinavyoonyesha. Lakini waliozikata, wakisimama katika tope na mbu, wakazihesabu kwa korija na kuzibeba hadi chomboni, majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Sisi tuliosomeshwa kwa Kiarabu tulimsoma Ibn Battuta. Tuliposomeshwa kwa Kiingereza tukamsoma Villiers. Hatukusomeshwa rubani wa Kiswahili aliyewapitisha. Na wala hatukusomeshwa wanawake. Vyombo vilifika Unguja Januari na Februari na kuondoka Aprili na Mei. Katika miezi ile Funguni ilijaa tende, chumvi, papa na nguru waliokaushwa, mazulia, na vijana wasio na pa kwenda. Wengine walioa. Wengine walirudi kila mwaka, wengine wakabaki, na wengine hawakuonekana tena. Nusu ya historia ya msimu iko kwa waliobaki ufukweni wakilea watoto kwa Kiswahili, na jarida kama hili lisingekuwapo bila wao.

Liko na jengine ambalo hatuna ruhusa ya kulipita kimya. Upepo uliomleta mfanyabiashara ndio uliompeleka mtumwa. Vyombo vilivyopakia karafuu na boriti, baadhi yao vilipakia watu. Mkataba wa Juni 1873, baina ya Sayyid Barghash na Waingereza, ulipiga marufuku biashara hiyo baharini na kulifunga soko la Unguja, lakini haikukoma siku ile. Baadhi ya wenye vyombo wa Sur walichukua bendera ya Ufaransa, ambayo ilivikinga vyombo vyao na upekuzi wa manowari za Kiingereza. Mgogoro wa bendera hizo ulifika mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa uamuzi Agosti 1905 kuipunguza haki hiyo. Waliopewa bendera hawakuwa wote wafanyabiashara wa watumwa, na si haki kuwahukumu wote kwa kosa la baadhi. Lakini pia si haki kwa familia kuhifadhi cheti cha bendera katika fremu ukutani na kumsahau bibi aliyeletwa katika ngama ya chombo hicho bila ya kuulizwa. Baina ya wasomaji wetu wako wajukuu wa nahodha na wako wajukuu wa bibi yule, na mara nyingi ni watu hao hao.

Msimu haukufa siku moja. Injini, mafuta ya Ghuba, saruji na chuma vilishaupunguza. Mapinduzi ya Januari 1964 yakakata uhusiano wa nyumba nyingi zilizokuwa zikipokea vyombo. Leo mashua za kifahari hupita baina ya Lamu, Pemba, Unguja na Mafia, na watu hulipa fedha nyingi wapate wiki moja ya kile ambacho babu zetu walikifanya ili wale. Hatuna la kuwalaumu. Nao hulazimika kujua kaskazi na kusi, na hutia nanga pale pale palipotiwa nanga zamani, kwa kuwa mwamba haukubadilika. Tofauti ni kuwa wao huweza kurudi kwa ndege.

Kwa hivyo tunawaomba wasomaji jambo moja. Katika masanduku ya nyumba zetu zimo karatasi ambazo watoto wetu hawataweza kuzisoma: rahmani za manahodha, daftari za nauli, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, vyeti vya bendera. Zipigeni picha zikiwa bado zinasomeka. Kaeni na mzee aliyewahi kusafiri, mumuulize alitoka bandari gani, mwezi gani, alilala kisiwa gani, na nani alishika usukani. Muulizeni pia nani alipika na nani alikuwa ngamani. Andikeni majina yote, hata yale yanayoleta uzito moyoni, maana nahodha anayeficha mwamba katika rahmani yake humzamisha atakayekuja nyuma.

Wabillahi taufiki.